Mwalimu Aliyeegesha Mikweche Mteremkoni

Jumanne asubuhi, nikiwa mezani na kikombe cha chai, simu iliita. Alikuwa binti wa mwalimu mmoja mstaafu wa Kibimba, kule Ngara nilikokulia. "Baba ametutoka alfajiri," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye amekwisha kuyatamka maneno hayo mara nyingi tangu kupambazuke. Nikampa pole, nikauliza maziko ni lini, nikaandika siku hiyo nyuma ya bahasha, kisha nikanywa chai yangu yote. Ilikuwa bado ya moto. Nimengoja tangu asubuhi ile kitu kinikabe kooni, kama inavyotarajiwa kwa mtu aliyefiwa, na mpaka naandika hapa hakijanikaba. Nilisikia ganzi tu, kama ya mguu uliokaliwa muda mrefu. Swali moja tu lilinitoka ambalo halikuwa la desturi. Nilimuuliza, "Na gari?" Akasema, "Lipo, baba mdogo. Lipo palepale mteremkoni."

Nisijitie urafiki ambao haukuwapo. Marehemu alikuwa mtu wa kujuana naye tu. Mimi ni mtoto wa duka. Babu yangu alitoka pwani na mzigo wa vitambaa, akafika Ngara mjini akanogewa, na ukoo wetu ukabaki huko nyuma ya meza ya duka. Yeye alikuwa Mhangaza wa ukoo wa wakulima, Mkatoliki wa benchi la mbele, mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi. Kilichotukutanisha ni magari, na magari yenyewe yaliletwa na miaka ya wakimbizi. Mlio wadogo hamkuiona miaka ile. Watu walivuka mpaka kutoka Rwanda na Burundi, vilima vyetu vikafunikwa na maturubai, na nyuma yao yakaja mashirika na magari meupe ambayo hatukuwahi kuyaona mengi kiasi kile. Barabara zetu hazikuyahurumia. Gari lililokuja likimetameta liliondoka mikononi mwa wenyewe likiwa limelegea kila kiungo, likauzwa kwa mfanyabiashara, mfanyabiashara akamalizia nguvu zilizobaki, ndipo likamfikia mtu kama Mwalimu. Hapo limekwisha kuwa mkweche: unasikia kwanza kelele zake, unaona moshi, ndipo unaliona lenyewe likitokea kwenye kona.

Alinunua mitatu katika miaka ile, mmoja baada ya mwingine, na sijapata kumwona mtu anayenunua kitu kibovu kwa furaha kama ile. Hakuanza kwa kufunua boneti kama wajuzi wengine. Alipiga magoti na kutazama ardhi pale gari lilipolala, akachovya kidole kwenye tone la oili, akanusa. Kisha alimgeukia mwenye gari na kumuuliza, "Lina ugonjwa gani?" Muuzaji aliyejibu kwamba halina ugonjwa wowote alimpoteza mteja palepale. Aliyekiri kwamba klachi inateleza, rejeta inavuja na mlango wa kushoto unafunguka kwa nje tu, huyo alipewa mkono. "Gari jipya hujui litakuangusha wapi," aliniambia siku moja. "Hili limekwisha kujisema lenyewe. Sasa mimi na mwenye gari jipya, nani anasafiri kwa amani?" Aliendesha kioo kikiwa chini hata penye vumbi jekundu la kiangazi, kichwa kakiinamisha, anasikiliza. Sauti mpya ikitokea aliinua kidole, uso umemchangamka, vilevile nadhani alivyofanya darasani mwanafunzi mzito alipopata jibu. Akipanda kwenda Murusagamba, kwenye ile njia ya mawe na makorongo, kuchukua ndizi na maharage kwa shemeji zake, aliimba nyimbo za kanisani kwa gia ya pili. Akiingiza ya tatu alinyamaza, maana gia ya tatu ilikuwa inachomoka na ilimpasa aishikilie kwa mkono na kwa akili yake yote.

Mikweche yote mitatu ilikuwa na kasoro moja ya ukoo: haikuwaka kwa ufunguo. Ama stata imekufa, ama betri, ama vyote. Kwa hiyo Mwalimu hakuegesha ila penye mteremko. Alisimamisha gari likitazama bonde, akateremka na kigogo chake cha mkaratusi, akakisukumiza mbele ya tairi, kwa kuwa breki ya mkono nayo ilikuwa jina tu. Akitaka kuondoka aliondoa kigogo, akarukia ndani, gari likaserereka, akaachia klachi, likashtuka na kukohoa na kuwaka, naye akacheka. Kila mara alicheka. Ngara ina vilima vya kutosha, lakini hata hivyo maisha yake yote yalipangwa na ardhi. Alijua harusi ipi anaweza kwenda na ipi atatuma salamu. Baba yangu alijisifu muda mrefu kwamba Mwalimu wa Kibimba ni mteja mwaminifu, anayapita maduka yote na kuja kununua sukari na misumari kwetu. Siku moja greda likapita mbele ya duka na kuisawazisha barabara, na Mwalimu akahamia kwa jirani. Baba alipomkuta njiani akamwuliza kwa uchungu, "Mwalimu, tumekukosea nini?" Akajibu, "Hamjanikosea, mzee wangu. Mmepoteza mteremko." Baba alicheka mpaka akavua kofia.

Safari ninayotaka kuisema ni ya gari la tatu, pikapu nyeupe, hilo ambalo binti yake anasema lipo palepale. Wakati huo nilikuwa karani wa stoo katika shirika moja la misaada. Siku yangu ya mapumziko Mwalimu alinipitia nyumbani. "Shikamoo, Mwalimu," nilimwamkia. "Marahaba. Bwana mdogo, twende Nyantakara. Nahitaji mtu mwenye mabega." Tukadandia malori mpaka huko Biharamulo, kwa mfanyabiashara wa mihogo, Msukuma mcheshi, ambaye alipoulizwa lile swali la ugonjwa alihesabu kwa vidole: "Gali ni zima, mwalimu. Stata tu. Na betli. Na bleki ya mkono. Na ukipunguza mwendo sana, linazima." Mwalimu akampa mkono kwa furaha. Ndugu za yule bwana wakatusukuma mpaka likawaka, tukaondoka tukipunga mikono kama maarusi. Kabla hatujafika Lusahunga lilikuwa limezimika mara mbili, na kwa bahati mara zote mbili palikuwa na watu wa kutusukuma.

Alasiri tukaingia porini. Anayeijua barabara ile anajua kuna mahali imenyooka, tambarare tupu, miti kulia na miti kushoto. Mbele yetu tuliona watu kando ya njia. Mwanamke alikuwa ameketi juu ya mkeka uliokunjwa, dumu la njano pembeni, mtoto amelala mapajani mwake kwa namna ambayo mtoto mzima halali. Mwanamume alikuwa amevua shati analipunga kwa mikono miwili. Mwalimu akatoa mguu kwenye mafuta. Injini ikaanza kutetemeka. Mimi ndiye niliyesema. Nilisema, "Usisimame, Mwalimu! Hapa ni tambarare. Likizima hapa halitawaka tena. Mimi peke yangu siwezi kulisukuma." Sikuisema sababu ya pili, kwamba niliogopa, maana pori lile lilikuwa na sifa mbaya siku zile. Niliitoa ile ya mteremko, kwa kuwa nilijua ataielewa. Akarudisha mguu kwenye mafuta. Yule mwanamume alikimbia nasi hatua kadhaa, kisha nikamwona kwenye kioo amesimama, shati mkononi.

Tulikwenda mwendo mrefu. Ardhi ilipoanza kuteremka Mwalimu alisimamisha gari, akashuka, akaweka kigogo. Akasimama anatazama tulikotoka. Kisha akasema, polepole, "Wale wangetusukuma." Sikumwelewa. "Akina nani, Mwalimu?" "Wale. Likizima, wangeshuka wakasukuma. Mmoja wao tu angetosha. Mwalimu wa hesabu mimi, nimeshindwa kujumlisha." Akaniacha nilinde gari, akarudi kwa miguu. Nilikaa ndani ya ile pikapu nikiangalia kivuli cha mti kikirefuka barabarani. Aliporudi jua lilikuwa linashuka, viatu vyake vyekundu kwa vumbi, peke yake. "Hawapo," alisema. Labda gari jingine liliwachukua. Labda waliingia porini. Sikujua siku ile na sijui leo. Aliondoa kigogo, gari likaserereka, likawaka. Hakucheka. Wala njia nzima mpaka Ngara, wala miaka yote iliyofuata, hakuwahi kuniambia kwamba ni mimi niliyesema tusisimame.

Lakini tangu siku ile alibadilika, na Kibimba nzima ilishuhudia. Kuegesha aliendelea kuegesha mteremkoni, ila kusimama alisimama popote, tambarare, topeni, katikati ya daraja. Aliyeinua mkono alipanda: mama anayekwenda zahanati, katekista na baiskeli yake iliyovunjika, mkimbizi anayetafuta ndugu kambi ya pili. Gari likizima wote walishuka bila kuambiwa, wakasukuma, wakarukia tena. Hiyo ndiyo nauli aliyotoza. Binti yake aliniambia kwamba alipoanza kazi alimnunulia baba yake stata mpya hapa Mwanza ninakoishi. Mzee alishukuru, akaifunga kwenye gunia, akaiweka uvunguni. Alipombana sana kwa nini haifungi, alimjibu, "Nikiifunga hiyo, mwanangu, nitaanza kuwapita watu." Binti alidhani ni ukaidi wa uzee. Mimi nilielewa, nikabadilisha mazungumzo.

Siku hizi maturubai hayapo, vilima vimeota tena migomba, na barabara ile ya porini ni lami. Nasi tumepata magari mazuri, yanayowaka kwa kubonyeza, yenye vioo visivyopitisha hata sauti. Sidharau maendeleo, mimi mwenyewe ninalo gari la namna hiyo, nami nililipanda peke yangu kutoka Mwanza kwenda kumzika Mwalimu. Kupita Lusahunga, kwenye ule unyoofu, walikuwapo watu wawili kando ya njia, mwanamume na mwanamke, na mifuko. Mwanamume aliinua mkono. Niliwapita. Sikuamua kuwapita, mguu wangu haukusogea tu. Nilikumbuka nilipofika mteremkoni, na hapo nilisimama. Nilitafuta sababu. Stata ilikuwa nzima, betri nzima, pori siku hizi halina sifa ile, na viti vinne vilikuwa vitupu. Nilikaa pale, injini ikinguruma kwa adabu. Nikajiambia kwamba nachelewa mazikoni, nikaendelea na safari.

Maziko yalikuwa ya watu wengi na maneno machache. Baada ya sala ikaonekana ile pikapu imeziba njia ya wabebaji wa jeneza. Binti akanigeukia, "Baba mdogo, tusaidie kulisogeza." Hakumaliza. Watu waliinuka kutoka kila upande wa uwanja, wazee na akina mama na wanaume waliovaa suti, wengi kuliko walivyohitajika, kila mmoja akishika mahali kana kwamba ni mahali pake pa siku zote. Mmoja akaondoa kigogo. Nami nikaweka viganja nyuma, karibu na taa. Rangi nyeupe ya zamani ikanibakia mikononi kama chaki. Wote walioshika gari lile walikuwa wamewahi kusimamiwa njiani. Mimi peke yangu ndiye niliyewahi kusema tusisimame. Hapo ganzi iliachia kidogo, na kilichokuja si kilio. Ilikuwa aibu.

Funzo, basi, kama kuna anayelitaka kwangu. Tunamwona mtu wa barabarani ni mzigo utakaotuzimia gari, kumbe ndiye mwenye mabega. Mwalimu alilijua hilo kwa sababu alikuwa na gari bovu na moyo mzima. Mimi ninalo gari zima. Kesho yake nilirudi kwa njia ileile, taratibu, nikitazama kando. Nilipofika pale palipokuwa na wale wawili nilisimama, kwenye tambarare, nikazima injini, nikashuka. Hawakuwapo.