Mama Mkwe na Nyasi za Mlangoni

Siku mama mkwe wangu alipoanguka naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nyasi zilizomwangusha tulizitandika kwa upendo. Ilikuwa kijijini Ijumbi, enzi za Mwingereza, nami nilikuwa bado bibi harusi, naona haya hata kupiga chafya mbele ya wakwe. Zamani hizo sakafu za nyumba zetu zilitandikwa nyasi, na kwa heshima ya wageni tuliongeza mbichi juu ya zile kavu. Siku hiyo tulitandika mpaka mlangoni, pakawa laini kama godoro. Mama mkwe, Mama Kokugonza, akaingia akitoka kibanjani, shamba letu la migomba, na ndizi za mchana. Mguu ukazama, akaenda chini mzima mzima.

Kiuno kilivimba, mkono ukateguka. Mganga wa mifupa aliufunga, akasema hakuna kilichovunjika; maumivu yakipungua, mama atembee. Mume wangu Rwegasira, mtu wa huruma kupita kiasi, hayo ya mwisho hayakumwingia. Alikataza kabisa mama yake kuinuka. Sisi wanawake wa nyumba tukamlisha, tukamnawisha, tukamfunika. Akitaka kwenda kutazama migomba yake, jibu ni moja tu: "Pumzika, mama."

Alipumzika mpaka akaanza kutupotea. Miguu ilikonda. Chakula kilirudi jikoni kama kilivyokwenda. Yeye aliyezoea kutaniana na kila mpita njia, sasa alilala ameelekea ukutani. Mchana mmoja nilimpelekea maji, akaniambia, "Mwanangu, nimekuwa mgeni katika nyumba yangu." Nilitoka nje nikalia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kisha akaja kaka yake mama kutoka Nshambya, mzee Kabyemera, mwenye fimbo mkononi na ulimi mkali kuliko fimbo yenyewe. Kwetu mgeni hupokewa kwa buni za kahawa za kutafuna, na pale nyumbani aliyezitoa siku zote alikuwa mama. Nilipiga magoti nikamnyooshea mzee kikapu. Hakukigusa.

"Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Waitu, mama hajiwezi," Rwegasira akajibu kwa adabu.

"Anaumwa wapi?"

Rwegasira akababaika. "Maumivu yameisha, mjomba. Tunaogopa ataanguka tena."

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ninyi mmemnyima jembe mwenye shamba! Nyasi zilimwangusha mara moja. Huruma yenu inamwangusha kila siku."

Mzee akaenda kuketi karibu na dada yake, akamsemesha taratibu, sauti tofauti kabisa na ile aliyotupigia sisi.

"Hata mimi naogopa," mama akasema, machozi yakimtoka.

Mzee hakumcheka. "Mimi pia naogopa, dada. Unadhani hii fimbo ni ya kuchungia mbuzi?" Akamwachia fimbo hiyo.

Alituamuru tuzoe nyasi zote za mlangoni, ibaki ardhi iliyoshindiliwa, kisha akarudi kuketi mahali pa wageni. Mama akashika fimbo kwa mkono mmoja, bega langu kwa mwingine. Alikwenda kidogo, akapumzika, akaenda tena, mpaka akamfikia kaka yake, akachota buni kikapuni, akampa kwa mkono wake mwenyewe. Mzee alitafuna huku amefumba macho. "Sasa nimefika," akasema.

Sitakudanganya kwamba alirudi kuwa yule wa zamani. Alichechemea hadi mwisho wa maisha yake, na kuna siku woga ulimshinda, hakutoka kabisa. Lakini kibanjani alirudi, na kutugombeza akarudia, nasi tukafurahi kugombezwa.

Basi mwanangu, mzee akianguka usikurupuke kumwinua. Kwanza ujue ameumia wapi, umtibu. Kisha tafuta kilichomwangusha ukiondoe, iwe jamvi lililokunjika au giza la njia ya chooni, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Muulize anaogopa nini. Mpe bega, utembee kwa mwendo wake, hata kama ndizi zinapoa mezani. Usimpunguzie kazi zote kwa kudhani unampenda. Kazi nyingine ndizo zinazomwamsha asubuhi.

Nami miguu yangu siku hizi si ya kuaminika. Nikianguka kesho, usikimbilie kunifunika blanketi. Niulize kwanza kama nataka kusimama. Mungu akujalie uzee mrefu, mwanangu, na akupe watoto wasiochoka kukungoja njiani.