Tundu Shingoni Mwangu

Shingo yangu ilinuka maziwa yaliyochacha. Sizui jambo: kila nilipokunywa, matone machache yalichepuka ndani yakatokea kwenye tundu dogo upande wa kulia, juu kidogo ya mtulinga, yakakaukia kwenye ukosi wa gauni. Nilikuwa na miaka minane, tumetoka Kivu Kusini, na mtaa wetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ulinijua kwa hilo. Watoto wenzangu walinibembeleza ninywe ili waone, nami kwa kupenda kutazamwa nilikunywa.

Ilianza Kabazana, kwenye kituo cha kupokelea wakimbizi. Shangazi Naomi, dada yake baba, alikuwa ametutangulia Nakivale, akaja na kidumu cha maziwa, akanimiminia mimi wa kwanza. Siku ya tatu shingo ikavimba, ikapasuka, ikatoa usaha, na tundu halikufunga tena. Kwetu mtu akila kisha akaugua, swali ni moja: nani alimpa? Mama alilijibu siku hiyo hiyo. "Ni sumu. Naomi alimupatia mutoto wangu sumu." Basi nikanyweshwa majani ya kutapisha mpaka nikatapika nyongo, nikachanjwa kwa wembe, nikafungiwa saumu na wamama wa maombi. Shangazi, aliyekuwa sauti ya kwanza ya kwaya, akaachiwa benchi zima peke yake kanisani. Hakuna aliyegusa chakula chake. Mambo yalikwenda hivyo miaka miwili, na mimi nilipomwona njiani nilitimua mbio.

Kisha shingo ikavimba vibaya, nikashindwa hata kumeza mate. Tulipitia Kaberebere hadi hospitali moja ya Mbarara, mama akinishika kidevu njia nzima. Daktari alituliza kwanza uvimbe kwa dawa, akatuambia turudi baada ya wiki kadhaa. Tuliporudi alinilaza chini ya mashine ya picha, akaingiza maji fulani kwenye lile tundu kwa mrija mwembamba. Nikashtuka, maana dawa iliyoingilia shingoni niliionja ulimini, chungu tupu! Daktari akatuonyesha picha: mfereji mweupe ukipanda kutoka shingoni hadi kooni, karibu na mafindofindo.

"Mama, hii hapana sumu," alisema kwa Kiswahili chake cha Uganda. "Mtoto ilizaliwa na hii. Ndani ya tumbo, shingo ya mtoto iko na njia, halafu inafunga. Ya huyu ilikataa kufunga. Wakati alizaliwa, hapana ona kitu hapa?"

Mama akasema polepole, "Kulikuwaka katundu. Kadogo sana, kama ka sindano. Nilizania ni alama tu."

Nilipigwa na butwaa. Alikuwa amelijua! Alikuwa akiliosha kwa sabuni tangu nikiwa mchanga, na kwa miaka miwili ya saumu na wembe hakulikumbuka hata mara moja. Namsamehe mengi mama yangu, lakini hilo mpaka leo linanikaba.

Nililazwa usingizi, wakapasua sehemu mbili ndogo, moja juu ya nyingine, wakautoa mfereji wote, kwa kuwa kipande kikibaki, ugonjwa hurudi. Jumapili tuliyorejea mama alisimama mbele ya kanisa akasema yote, akalia, akapiga magoti mbele ya shangazi. Shangazi akamwinua. Watu wakapiga vigelegele, na mimi nikadhani yamekwisha.

Sasa nina miaka ishirini na kitu, na kovu langu ni mistari miwili myembamba ambayo wengi hawaioni. Siku hizi mama mwenye mtoto wa namna yangu hupiga picha kwa simu, akamtumia mhudumu wa afya, akaambiwa aende Mbarara. Ni jambo jema. Mwaka huu nimejifungua mtoto wa kike, nikampeleka kwa shangazi ambebe, nyumba imejaa wageni. Nilimnyooshea mtoto. Hakumpokea. Alirudisha mikono yake nyuma ya mgongo, akawatazama wageni wote.

"Bote mukuje hapa," alisema. "Muangalie shingo yake muzuri, huku na huku. Iko safi? Semeni kwanza, mbele nimuguse."