Dakika Arobaini za Bi Verna

Saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa saa za Nevada, saa kumi na mbili na nusu kwa saa za Utah, Verna Haslam analipiga teke tairi la basi la shule, anaridhika, anapanda. Mkononi ana saa mbili, moja ya kila upande wa mpaka, maana njia yake inauvuka mara nne kwa siku.

"Bi Verna, leo hawajakuchukua?" anatania Kaycee, wa darasa la tatu, akipanda kituo cha kwanza.

"Walikuja, wakasikia kelele zenu, wakakimbia. Kaa, funga mkanda."

Verna, 61, ameendesha basi hili miaka kumi na tisa, ukitoa mmoja. Huo mmoja ndio unaomfanya atembee kifua mbele.

Novemba mwaka juzi, akirudi peke yake baada ya kushusha watoto, aliona taa tatu za rangi ya chungwa zimesimama juu ya uwanda wa chumvi. Akasimamisha basi atazame. Anachokumbuka baada ya hapo ni injini imezimika, taa hazipo, na saa zote mbili zimesonga dakika arobaini. Akaripoti, kama madereva wanavyotakiwa.

Bonde zima likaangua kicheko. Huku wageni hupoteza saa nzima kila siku: wanavuka mpaka bila kurekebisha saa zao, kisha wanaapa wametekwa na viumbe wa angani.

"Hata mimi nilimcheka," anakiri Dell Robison, mfugaji, babu yake Kaycee. "Nikamwambia, mama wee, saa yako iko Utah, kaichukue!"

"Nikamjibu, mpaka hula saa nzima, Dell. Hauli dakika arobaini," anasema Verna.

Bodi ya shule ikamsimamisha. Madaktari hawakumkuta na ugonjwa. Akaletewa karatasi: atie sahihi kwamba alichanganya saa, arudi kazini. Akakataa. Miezi kumi na moja aliosha vyombo mgahawani kwa nusu ya mshahara wake. Mtu wa televisheni alipokuja kutafuta viumbe wenye macho makubwa, naye akaambulia patupu.

"Viumbe sikuona. La kuongeza sina," Verna alimwambia.

Aliyemrudisha ni Dell, aliyesimama mbele ya bodi, kofia mkononi. "Nilisema, sijui kilichomo angani. Ila mtu anayekataa kudanganya hata njaa ikimbana, huyo ndiye wa kumkabidhi mjukuu wangu."

Wazazi wote ishirini na sita waliohudhuria kikao walinyoosha mikono kukubali.

Verna anataka kuendesha hadi Kaycee amalize shule, miaka tisa ijayo. Na akiziona tena zile taa?

"Nitaripoti kesho yake asubuhi," anasema akitia gia. "Wakinisimamisha, sinki la mgahawa nalijua lilipo."