Jina Nililoliacha

Siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu, siku ya usaili wangu wa kwanza wa uhadhiri. Nilikuwa nimemaliza shahada ya pili, utafiti wangu ukiwa wa miti ya msitu wa Amani. Wazazi wangu walikuwa vibarua wa mkonge kule Maramba, na kanisani kwetu kila mtu alishajua kwamba binti yao anakwenda kufundisha chuo kikuu.

Msituni sikuwa peke yangu. Nilikuwa na Mzee Hoza, Msambaa aliyeujua kila mti kwa jina. Pale maua yalipokosekana na vitabu vyangu vikashindwa, yeye alichanja gome kwa panga, akanusa, akaniambia mti ule ni upi. Mimi nikaandika. Lakini katika tasnifu yangu, na katika wasifu nilioupeleka chuoni, jina lake halikuwamo. Niliona litanipunguzia hadhi. Ujana una mambo yake, sikufichi.

Wasaili walikuwa watatu. Mmoja wao, mama profesa, alifungua tasnifu, akauliza miti miwili inayofanana vile niliitofautishaje bila ua wala tunda. Nikamjibu kwamba niliipima maabara. Akataka kujua nilipima nini hasa. Nikarudia neno lile lile, maabara. Aliifunga tasnifu taratibu, akanishukuru kwa kuja. Kazi sikuipata.

Nikapanda Amani kumwona mzee. Nilimpa shikamoo, tukakaa kibarazani kwake, nikamweleza yote, hata habari ya jina. Aliendelea kumenya mihogo yake.

"Binti yangu," akasema mwishowe, "mimi nimeshazeeka, kutajwa hakunipi kazi. Lakini ungenitaja, yule mama angekuuliza nilikuwa nanusa nini, nawe ungemweleza. Unajua. Nilikufundisha."

Niliona haya kuliko siku ya usaili.

Nikahamia mjini, mtaa wa Nguvumali, nikafundisha sekondari miaka miwili, huku nikituma maombi kila nafasi ilipotangazwa. Nilipoitwa tena, safari hii na kituo kimoja cha utafiti, nilianza na Mzee Hoza kabla sijaulizwa: ni nani, alinionyesha nini, na mimi niliongeza nini. Wakanichukua kuwa mtafiti msaidizi, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Uhadhiri ulikuja baadaye sana, mzee akiwa ameshafariki.

Sasa ni zamu yako kutafuta, na najua nafasi ni chache. Andika ulichofanya mwenyewe, na umwandike aliyekusaidia. Usiweke kwenye wasifu jambo usiloweza kulieleza ukiwa umekaa mbele ya wasaili. Ukipewa kazi ndogo ya utafiti, ishike. Wakikukataa, usiwachukie, rudi kwa aliyekufundisha, umsikilize.

Mungu akufungulie njia, mwanangu, akukutanishe na watu wa haki, na akupe ulimi usioona tabu kusema "hili silijui." Amina.