Mudomo Yangu na Mashini ya Kahawa

Familia ya bwana yangu ilinirudisha kwetu Kpandroma kwa sababu ya mudomo yangu. Walisema ndio iko inamupandishia tansio, ile presha ya damu. Mama-mukwe alinikunjia nguo yeye mwenyewe, akasema: "Binti yangu, nenda upumuzike. Na siye tupumuzike."

Kusema kweli, nilikuwa ninapiga kelele. Sasa ningefanya nini? Bwana yangu alikuwa anaongoza mashini ya kukoboa kahawa ku usine, kiwanda ya hapa Bunia. Ile mashini ilinguruma tangu asubuhi mupaka jioni, hata ukuta ya majirani ilitetemeka. Alirudi nyumbani masikio imeziba. Ukimuambia polepole chakula iko tayari, anaendelea kuangalia barabara. Basi nilipaza sauti, na mutaa yetu ya Shari nzima ilijua tunakula nini.

Munganga wa dispansere alimupima, akakunja uso. Tansio iko juu, inaweza kumuua. Akauliza kama nyumbani kuna kelele. Dada zake wakanigeukia wote pamoja. Hakuna mutu aliyeuliza juu ya kelele ya kazini. Ile ilikuwa kazi, bwana!

Bon. Nilipofika tu kwetu, Bunia ikakosa mazout, mafuta ya mashini. Mashini ikanyamaza. Bwana yangu akalala vizuri, akanenepa, tansio ikashuka. Aa, mama-mukwe alifurahi! Alitangaza hata kanisani: si niliwaambia, ni ule mudomo. Habari ikanikuta sokoni Kpandroma, nikamwaga viazi chini kwa hasira. Nilimupenda ule mwanaume, munasikia? Niliogopa afe, na niliogopa zaidi apone bila miye.

Kisha mazout ikafika. Mashini ikaanza tena, na tansio ikapanda kuliko zamani. Siku moja damu ilimutoka puani pale pale kazini, akaanguka. Na mudomo yangu ilikuwa Kpandroma, inakula viazi.

Mama-mukwe alikuja kunichukua na mbuzi, maana ukimurudisha bibi kwao bila kosa, hauwezi kumufuata mikono mitupu. Baba yangu aliangalia ule mbuzi meno, akasema iko mudogo kwa matusi kubwa namna ile. Alikubali kwa sababu miye nilikuwa nimekwisha kufunga muzigo.

Kufika Bunia, sikupitia hata nyumbani. Nilimushika mama-mukwe mukono, nikamupeleka ku usine, nikamusimamisha kando ya mashini. Alivumilia kidogo, akatoka ameshika kichwa. Hakuniomba radhi, hata! Lakini ni yeye alimuendea patron, mukubwa wa usine, akamupigia makelele mupaka mutoto wake akaondolewa pale. Mudomo ya ule mama, yangu ni cha mutoto.

Wakamuweka bwana yangu uani kuchagua kahawa, chini, katikati ya wanawake. Wanaume wa mashini wakipita asubuhi walimucheka, wakamuita mama. Miye roho iliniuma sana. Yeye alichagua tu kahawa yake, anatabasamu. Masikini, hakuwasikia hata mumoja.