Kitambaa Kilichotoka Wajir

Nilirudi Garissa nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, kwa likizo iliyopaswa kuwa fupi. Tulipoipita Mwingi, basi letu lilimiminiwa risasi. Askari waliotusindikiza walijibu, dereva hakusimama, na tulipofika mjini ilibainika kwamba hakuna aliyekufa. Mwanamke aliyeketi mbele yangu ndiye tu aliyejeruhiwa begani. Ni rahisi kuyaandika hayo sasa. Wakati ule sikuweza kupita karibu na kituo cha mabasi, na muhula ukaanza bila mimi. Nilibaki nyumbani kwa mama yangu, mwalimu wa shule ya msingi ambaye serikali ilimleta huku kutoka pwani kabla sijazaliwa, nikavaa gauni moja la nyumbani siku baada ya siku, na nikafikiri kupita kiasi.

Mtu mwingine aliyekuwa hatoki nje mtaani petu alikuwa jirani yetu. Tangu utotoni nilimwita habaryar, yaani mama mdogo, ingawa hatukuwa na damu moja. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa amefariki kwa homa, naye alikuwa katika eda. Kwa kuwa sote wawili tulifungiwa, yeye na sheria na mimi na hofu, nilishinda kwake.

Habaryar alikuwa na kibanda cha vitambaa katika Soko Mugdi, lile soko ambalo vichochoro vyake vimeezekwa magunia na mabati hata mchana hufanana na magharibi. Wenzake walipenda giza hilo, kwa sababu huficha kasoro. Yeye alikuwa na desturi ya kumshika mteja mkono na kumtoa hadi mwisho wa kichochoro, juani, ndipo amfunulie kitambaa. Wapo waliomwona mjinga wa biashara. Hata hivyo, hakuna mwanamke wa Garissa aliyekuwa akijiandaa kwa harusi ambaye hakupita kwake kwanza.

Ndani ya eda hakuruhusiwa wanja, hina, manukato wala dhahabu. Alivaa pamba nyeupe isiyo na ua, iliyofuliwa kila siku. Nimejaribu mara nyingi kueleza kwa nini, katika nguo hizo, alipendeza kuliko wageni waliokuja kumpa pole wakiwa wamejipamba, na maelezo yangu yote hukwama mahali pamoja: namna alivyouweka mtandio begani. Aliutupa mara moja tu, bila kuutazama, nao ukakaa. Nilijaribu kuiga nyumbani, mbele ya kioo. Wangu ulianguka.

Tulikaa nyuma ya ua wa miti, tukitazama wapitao. Yeye aliwasoma kwa mavazi yao: karani aliyevaa shati la ofisini juu na kikoi chini alikuwa, kwa maoni yake, ametoka kazini nusu; mabinti wa sekondari walikuwa wamefupisha mitandio yao kwa sababu ya binamu aliyetoka Nairobi. Siku moja alinigeukia mimi.

"Bole kwa yale ya njiani, abaayo," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, kinachogeuza p kuwa b; abaayo ni dada. "Lakini hii gauni imechoka kuliko wewe. Vua, fua, vaa ingine."

Nililivua. Sijui kama nilipona kwa hilo, lakini nililivua.

Miezi ya eda ilipokaribia kwisha, dada ya marehemu alifika kwa pikapu kutoka Wajir akiwa amebeba furushi. Ndani mlikuwa na kitambaa chepesi cha dira, lile gauni pana la Kisomali, cha rangi ya chungwa bivu, chenye maua ya nyuzi za dhahabu, pamoja na shaash ya hariri, kile kilemba ambacho mke hufunga kichwani. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: shemeji yako, ndugu wa marehemu, amesema usipate taabu ya nguo siku ya kutoka edani.

Hakuongeza neno, wala halikuhitajika. Dini haimruhusu mwanamume kumposa mjane waziwazi kabla eda haijaisha, lakini kudokeza kunaruhusiwa. Na desturi ya huko humpa ndugu wa marehemu nafasi ya kwanza, mradi mjane aridhie. Kitambaa kilikuwa dokezo. Akikivaa siku ile, mtaa mzima ungeelewa kwamba amekubali kuhamia Wajir kama mke wa pili, na kibanda cha Soko Mugdi kingepata mwenyewe mwingine. Akikirudisha, angemwaibisha mbele ya ukoo wake shemeji huyo, mfanyabiashara wa ngamia ambaye hakuna aliyekuwa na baya la kumsema, na ambaye mabinti wawili wa Habaryar wangemhitaji maisha yao yote. Habaryar mwenyewe hakutaka kuhama. Aliniambia hivyo mara moja tu, kwa sauti ya chini, akizungumzia mwanga ulio mwishoni mwa kile kichochoro.

Wanawake wa mtaa walijadili furushi hilo kana kwamba mwenyewe hayupo. Bibi mmoja, ambaye bado alifunga guntiino ya kale, shuka iliyopigwa fundo juu ya bega moja, alitangaza kwamba rangi ile ni ya bibi harusi na jambo limekwisha. Binti yake, aliyekuwa ameanza kuvaa jilbabu la kijivu kama wengi wa rika lake miaka ile, alisema kitambaa chembamba hivyo hakimfai mcha Mungu, iwe kwa ndoa au bila ndoa.

"Wewe umejifunga kama gunia la mchele," mama yake akamjibu. "Ukiwa na furaha, tutajua kwa kukupima kilo?"

Habaryar alicheka hadi akafuta machozi, kisha akalifunga tena furushi. Nilimchunguza siku zilizofuata. Alikitoa kitambaa mlangoni, akakigeuza juani kama alivyofanya sokoni, akakipitisha kati ya vidole. Asubuhi niliamini amekubali, kwa sababu hakuna anayeshika kwa upole hivyo kitu anachokikataa. Jioni niliamini amekataa, kwa sababu alikikunja upande wa maua ukiwa ndani. Nilikuwa tayari hata kuiandikia ile mikunjo sura nzima ya tasnifu.

Hatimaye alinituma nilete cherehani ya mama, ile ya kuzungusha kwa mkono. Nilikuja nayo pamoja na chaki na utepe wa kupimia, na moyo mzito, nikauweka utepe juu ya bega lake. Akauondoa taratibu. Akawaita mabinti zake wawili waliokuwa wakicheza uani.

"Bima hawa," akasema.

Nilisimama na utepe mkononi. Nikamkumbusha kwamba kitambaa kikishakatwa hakirudishiki.

"Sitaki kurudisha. Yeye ni adeer yao, ndugu ya baba yao. Watoto wakivaa nguo ya adeer, nani atasema nimemkataa?"

Mkasi aliushika mwenyewe kwa mkato wa kwanza. Kitambaa kikatoa sauti ndefu. Nilishona mimi. Shaash ya hariri aliikunja na kuiweka akiba ya binti mkubwa.

Siku ya kutoka, wanawake walimwogesha, wakampaka hina, wakafukiza unsi mpaka nyumba ikafifia ndani ya moshi. Alivaa dira ya kijani kibichi kutoka kibandani kwake mwenyewe, na shaash nyeusi ya kila siku. Bibi wa guntiino alimtazama kutoka juu hadi chini, kisha akaongeza unsi kwenye chetezo.

Alasiri wanaume walikuja kusoma dua uani, na shemeji akiwa miongoni mwao, mrefu, kanzu yake bado ina vumbi la safari. Dua ilipoisha, mabinti walitumwa kupeleka tende. Walitoka kwenye kivuli wakiingia juani, na maua ya dhahabu yakawaka yote kwa pamoja. Nyuma ya pazia wanawake walisogea kutazama. Habaryar alikuwa amekaa wima, macho kwenye pindo la pazia, vidole vikikamata mtandio ambao siku zote ulikaa wenyewe.

Shemeji alichukua tende moja. Akamvuta yule mdogo karibu, akashika ukingo wa gauni, akauliza nani ameshona. Mtoto akasema ni binti wa mwalimu.

"Imewakaa," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi ndani. "Ifikapo Idi, hii itakuwa fupi. Nitawaletea nyingine."

Habaryar aliuachia mtandio. Akanivuta sikio karibu.

"Nenda na chai kwake," akanong'ona. "Mwambie rangi ya chungwa imemfaa mkubwa tu. Mdogo amletee ya buluu."