Kiganja Kwenye Mfuniko wa Tangi

Jirani yetu, Mama Mapacha, anaapa kwa watoto wake wote wawili kwamba shangazi yangu ni mchawi.

Ati alikipiga chuma kofi moja tu, rangi ikabanduka yenyewe, pakabaki alama ya kiganja. Vidole vitano, kamili.

Habari ya kiganja ni kweli, nilikiona kwa macho yangu. Hayo mengine niulizeni mimi.

Mimi nimeishia la saba. Shangazi ndiye aliyenilea, na ndiye aliyeniingiza kwenye karakana ya kupaka vyuma rangi ngumu, ile isiyoliwa na tindikali. Sisi wawili hatukuwa wapakaji. Tulikuwa waoshaji.

Chuma kikija, kinapigwa mchanga kwa mashine ya upepo mpaka kinakwaruza kama ulimi wa paka. Halafu tunakifuta kwa dawa ya kutoa mafuta. Baada ya hapo ni marufuku kukigusa kwa mkono mtupu.

"Jasho lako wewe hulioni, rangi inalijua," shangazi aliniambia siku ya kwanza, akanichapa kibao cha mkono. "Vaa glavu, we mtoto!"

Miaka kumi na minane, na hakuna kazi yake hata moja iliyowahi kurudishwa.

Basi siku moja Bosi akasimama mlangoni, meno yote nje.

"Waoshaji wawili wa nini? Mwisho wa mwezi anabaki mmoja. Bibi, magoti yanasemaje?"

Watu wakacheka. Shangazi naye akacheka.

"Magoti niachie mimi, Bosi. Nafanya kazi kwa mikono."

Mimi sikucheka. Nilianza kumwangalia tu. Anavyochuchumaa. Anavyoinuka.

Kabla mwezi haujaisha, mteja akarudisha mfuniko wa tangi la tindikali. Rangi ilikuwa imebanduka mahali pamoja tu, umbo la kiganja, na chuma kimeshaanza kuliwa.

Bosi akatupanga mstari. Kila mtu aweke mkono pale.

"Leo tunamvisha nani pete ya posa?" mpakaji mmoja akadakia. Kicheko.

Wangu ulikuwa mdogo. Wa mpakaji ulizidi. Wa shangazi, na kidole chake cha mwisho kilichopinda, ukakaa pale kama umepimwa na fundi cherehani.

"Sikushika!" shangazi akasema. "Bosi, haki ya Mungu sikushika. Muulize mtoto huyu, tulikuwa wote!"

Bosi akanigeukia. "Haya, sema."

"Sikuwa naangalia, Bosi."

Shangazi alivuliwa aproni pale pale. Walimsindikiza kwa makofi hadi getini, na yule mpakaji akawa anaigiza anavyochechemea.

Sasa niwaambie asilolijua Mama Mapacha.

Siku tulipouandaa ule mfuniko, shangazi alivua glavu ili ajichue magoti kwa mafuta. Wakati wa kuinuka akayumba, akajishikiza kwenye chuma, kiganja chote. Akashtuka.

"We mtoto, nimegusa mfuniko?"

Nilikuwa na kitambaa mkononi, kimelowa dawa. Kufuta mara moja tu, yangeisha.

"Hapana, shangazi. Umeshika meza."

Hakuinama kuhakikisha, magoti yalikuwa yanamuuma. Akavaa glavu zake.

"Ahsante, mwanangu. Mfuniko ungeniponza."

Niliusukuma mfuniko kwa wapakaji mimi mwenyewe. Mchana nikala vizuri, nikaongeza.

Mtasema nina roho mbaya. Semeni. Anayewaoshea vyuma mpaka leo ni mimi, na Bosi hajanikemea hata mara moja.

Nyie mnaofanya kazi wawili kwenye nafasi ya mmoja, nawaachia hili: usimuulize mwenzako kama umekosea. Inama uangalie mwenyewe, hata kama magoti yanawaka moto.

Leo asubuhi shangazi kanitumia ujumbe. Ana simu ya kuazima, kaandika taratibu, herufi moja moja:

"Mwanangu Bosi anakusikiliza wewe. Niombee nirudi hata kwa kufagia mchanga. Nije kesho nikusubiri getini?"

Nimeusoma.

Kwake tiki zote mbili zimeshakuwa bluu, na kwangu juu pameandikwa kwamba bado yuko hewani.